Wiki Luther Alipokosa la Kuandika

Katika mwaka wetu wa mwisho kwenye chuo cha theolojia tulipelekwa, wanafunzi wawili, kufanya mazoezi ya kichungaji katika usharika mmoja wa kijijini. Hata wiki mbili hazijaisha, mtoto wa miaka 6 akafariki kwa malaria. Mchungaji wa usharika alikuwa safarini kwenye kikao cha jimbo, kwa hiyo sisi na mwinjilisti wa mtaa ndio tulioingia kwanza katika nyumba ile. Mama wa mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, akina mama wa usharika wamemzunguka. Tulijiona tumejiandaa. Tulikuwa na Agano Jipya mfukoni na maneno tuliyoyasikia misibani tangu utoto wetu. Tukampa pole, tukamshika mkono, tukamwambia, "Mama, sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi."

Akatutazama. Hakulia wala hakupaza sauti. Akauliza, "Kwani mimi sikumpenda vya kutosha?"

Hatukuwa na jibu. Mwinjilisti, mzee aliyezika wengi kuliko miaka yetu, akaanzisha wimbo, na wimbo ule ukatuokoa sisi wawili. Kama ulimwokoa na yeye, hatukuthubutu kumwuliza.

Imepita karibu miaka 20. Tangu siku ile tumesimama kwenye makaburi mengi tukiwa tumevaa joho na kola, na swali la mama yule limekuwa likisimama pamoja nasi. Maana maneno yale hatukuyatunga sisi. Tuliyarithi, kama mnavyoyarithi ninyi nyote mnaosoma kitabu hiki. Kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze. Bado unao wengine. Shukuru, wako waliopatwa na makubwa kuliko haya. Hatutaki kuyadharau. Yanasemwa na watu walioacha mashamba yao wakatembea na ndoo za maji na mafungu ya kuni hadi nyumba ya msiba, na mtu wa namna hiyo hasemi kwa ubaya. Lakini tumejifunza kuuliza maneno haya yanafika wapi, na wapi yanaishiwa nguvu. Tuliyemwona akiulizwa swali hilo na maisha yake mwenyewe ni mtu tunayemkumbuka kila tarehe 31 Oktoba kwa ajili ya hoja zake 95, na kila mwaka wa kipaimara kwa ajili ya Katekisimu yake Ndogo, lakini kwa nadra kama baba aliyezika mabinti wawili.

Kabla ya kufika kwake, tupite kwanza kwa Ayubu, kwa kuwa huko ndiko tunakochota maneno mengi tunayosema makaburini. Katika sura ya kwanza Ayubu anakiri kwamba aliyempa ndiye aliyemwondolea, na analibariki jina lake. Ni kweli, na ni nzuri. Lakini angalieni ni nani anayesema. Ni Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna jirani aliyekuja kumkabidhi maneno hayo. Na mtu huyo huyo, tukifungua sura ya tatu, anailaani siku aliyozaliwa. Sisi tunaichukua sura ya kwanza, tunairuka ya tatu, kisha tunamdai mfiwa aanze pale Ayubu alipoanzia na asifike kamwe pale alipofikia.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, tumezoea kuwasema vibaya, nasi tunadhani wameonewa kidogo. Walitoka mbali. Walirarua mavazi yao, wakaketi naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makuu mno. Ni wangapi kati yetu wameweza hata saa moja? Wala walipofungua vinywa hawakusema upuuzi. Sentensi moja ya Elifazi, katika Ayubu 5:13, mtume Paulo anaitumia kama Maandiko katika 1 Wakorintho 3:19. Bildadi naye, katika sura ya nane, anamwambia Ayubu akawaulize waliotangulia, ayachunguze yale ambayo wazee wamekwisha kuyatafiti. Hiyo ndiyo hekima ya wazee, iliyojaribiwa na vizazi, na mahali pengi ni hekima ya kweli. Ila ilikuwa imepimwa kwa mtu mwingine. Walikuja na nguo iliyokwisha kushonwa, na walipoona haimwenei Ayubu, badala ya kuitilia shaka nguo wakautilia shaka mwili wake. Mwishoni, katika 42:7, Bwana anawakasirikia wao, si yule aliyelalamika.

Dkt. Martin Luther alikifahamu kitabu hiki kwa taabu. Alipokuwa akikitafsiri kwa Kijerumani pamoja na Philipp Melanchthon na Matthäus Aurogallus, alisema baadaye, kuna nyakati siku nne zilipita wakapata mistari mitatu tu. Mwaka 1524 alimwandikia rafiki yake Georg Spalatin kwa utani kwamba Ayubu anaonekana kuvumilia kutafsiriwa kwao kwa shida kuliko alivyovumilia faraja za rafiki zake. Mzaha huo unatuonyesha kwamba hata wakati ule alijua faraja inaweza kuwa mateso. Bado hakuwa amelijua kwa njia ya nyumba yake.

Miaka mitano kabla ya mzaha huo, 1519, mtawala wake Frederick wa Saxony, aliyeitwa Mwenye Hekima, alirudi kutoka Frankfurt akiwa mgonjwa sana. Spalatin, aliyekuwa padre wa nyumba ya mtawala, akamwomba Luther aandike neno la kumtia moyo. Luther alikuwa na miaka 35, bado mtawa, hana mke wala mtoto. Akaandika kitabu kwa Kilatini, kilichochapwa 1520, chenye faraja 14. Idadi hiyo aliichagua kwa makusudi. Siku hizo watu wa Ujerumani waliwakimbilia watakatifu 14 wasaidizi wakati wa ugonjwa na hatari, na Luther alitaka kuweka Neno la Mungu mahali pa watakatifu hao. Alipanga mabaya saba na mema saba: yaliyo ndani yetu, mbele yetu, nyuma yetu, chini yetu, kushoto kwetu, kulia kwetu na juu yetu. Mgonjwa aangalie ubaya ulio ndani yake, aone kwamba anachokisikia ni kidogo kuliko kilichomo. Aangalie chini, kwa wale walio katika hali mbaya kuliko yake. Aangalie juu, kwa Kristo aliyeteswa.

Tunakipenda kitabu hicho. Kimejaa Maandiko, na anapofika kwa Kristo msalabani kinawaka. Lakini kisomeni siku mkiwa na mgonjwa ndani, mtaona kimeandikwa na mtu aliyesimama mlangoni. Maumivu yamepangwa kama bidhaa kwenye rafu za duka, kila moja na upande wake. Na pale mgonjwa anapoambiwa aangalie walio chini yake, tunaisikia sauti yetu wenyewe tukimwambia mfiwa ashukuru kwa kuwa wako waliopatwa na makubwa zaidi. Tangu lini maumivu ya jirani yakawa dawa ya maumivu yangu?

Mwaka 1527 tauni ikaingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala mpya, Johann, akamwamuru Luther aondoke naye. Hakuondoka. Alibaki na mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, wakiwahubiria na kuwatembelea wagonjwa. Nyumba yake ikawa kama hospitali. Mke wake Katharina alikuwa mjamzito, na mtoto wao wa kwanza, Hans, mwenye mwaka mmoja na miezi, aliugua. Katika miezi hiyo Luther aliandika barua iliyochapwa, akiwajibu wachungaji wa Breslau waliouliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Jibu lake lina akili ya kawaida kuliko wengi wanavyotarajia. Tumieni dawa, fukizeni nyumba, msiende mahali pasipo na haja yenu. Lakini mwenye wajibu kwa mwenzake, awe mchungaji, kiongozi au jirani asiye na mwingine wa kumtunza, asimwache. Sisi tuliopitia miaka ya korona tunajua jinsi ilivyo vigumu kuzishika sehemu zote mbili za jibu hilo kwa pamoja.

Mwezi Desemba mwaka huo akazaliwa Elisabeth. Aliishi miezi minane hivi. Alifariki tarehe 3 Agosti 1528, na siku mbili baadaye Luther akamwandikia Nikolaus Hausmann, mchungaji wa Zwickau. Katika barua hiyo fupi hafundishi kitu. Anashangaa. Anasema kifo cha kichanga kile kimemwachia moyo mgonjwa, karibu moyo wa mwanamke, na kwamba hakuwahi kuamini kuwa moyo wa baba unaweza kulainika namna hii kwa ajili ya watoto. Hapo alikuwa na miaka 44. Alikuwa amekwisha kuandika mengi juu ya faraja, na sasa anakiri kuna jambo hakuwa akilijua. (Hilo neno "moyo wa mwanamke" lisituudhi haraka, tutalikuta tena mbele, na litatuudhi vya kutosha.)

Ukizisoma barua zake za faraja baada ya mwaka huo unaona mkono umebadilika. Conrad Cordatus, mchungaji mwenzake, alipofiwa na mtoto mchanga mwaka 1530, Luther alimwambia kwamba Kristo mwenyewe tu ndiye awezaye kuituliza huzuni kama hiyo, na kwamba yeye Luther anaijua, kwa maana imempita na moyo wake. Mwaka 1532 kijana Johann Zink alifariki akiwa masomoni Wittenberg, na Luther akawaandikia wazazi. Angeweza kuanza na ufufuo. Alianza kwa kuwaambia kwamba isingewezekana wasilie, na kwamba ingekuwa habari mbaya kusikia baba na mama hawamlilii mwana wao. Kisha akawasimulia habari za kijana mwenyewe: kwamba jioni nyingi alikuwa akija kuimba nyumbani mwa Luther, na wote walimpenda. Wazazi walikuwa mbali, na miezi ya mwisho ya mwanao hawakuiona. Luther akawapa kipande cha miezi ile. Ufufuo ulikuja baadaye katika barua, ukakuta nafasi ya kukaa.

Sasa tufike 1542. Magdalena, aliyezaliwa miezi tisa baada ya kifo cha Elisabeth, alikuwa na miaka 13. Mwanzoni mwa Septemba aliugua, na akawa anamwulizia kaka yake Hans, mwenye miaka 16, aliyekuwa shuleni Torgau, mwendo wa kilomita 50 hivi. Tarehe 6 Luther akamwandikia mwalimu wa shule, Marcus Crodel, akatuma na gari la farasi: mtume kijana nyumbani, usimwambie sababu. Wenye kufahamu simu za namna hiyo, zile za "njoo nyumbani, baba hajisikii vizuri", wanajua jinsi Hans alivyosafiri.

Waliokula mezani pa Luther waliandika yaliyotokea chumbani. Luther alimwuliza binti yake kama angependa kubaki na baba yake hapa au kwenda kwa Baba yake kule, naye akajibu kuwa itakuwa kama Mungu apendavyo. Usiku wa mwisho Luther alipiga magoti mbele ya kitanda, akalia kwa uchungu, akaomba Mungu amkomboe mtoto. Alifia mikononi mwake, tarehe 20 Septemba. Katharina alikuwa katika chumba kile kile, lakini mbali kidogo na kitanda, kwa sababu hakuweza kusogea. Tumemwona mama huyo katika misiba yetu, yule asiyeweza kusogea, nasi huwa tunatuma watu wakamshike wamlete karibu. Huko Wittenberg, kwa jinsi ilivyoandikwa, alibaki pale alipoweza.

Watu walipokuja kuzika na kumpa pole, Luther aliwaambia wafurahi, kwa kuwa amemtuma mtakatifu mbinguni. Hayo ndiyo aliyoyasema uani, mbele ya umati, na aliyaamini. Alikiri pia jinsi lilivyo ajabu, kujua hakika kwamba mtoto yu katika amani na bado kuhuzunika hivi. Lakini siku tatu baada ya kifo akamwandikia Justus Jonas, rafiki yake wa miaka mingi, wakati huo msimamizi wa kanisa huko Halle. Anamwambia kwamba yeye na mke wake wangepaswa kushukuru tu kwa ajili ya mwisho mwema kama ule. Hawawezi. Upendo wa asili una nguvu mno. Wanalia, wanaugulia, sura ya mtoto na maneno yake na mienendo yake, alipokuwa hai na alipokuwa anakufa, imechimba ndani ya mioyo yao, hata kifo cha Kristo hakiwezi kuiondoa kama ipasavyo.

Someni sentensi hiyo ya mwisho polepole. Ameiandika mtu aliyefundisha Ulaya nzima kwamba kifo cha Kristo kinatosha. Hakubadili fundisho. Siku yake ilipofika alikufa akiwa katika imani hiyo hiyo. Ila alikataa kusema kwamba fundisho limekwisha kufanya kazi ambayo halijaifanya bado. Sisi wachungaji tungemshauri asiiandike, kwa kuwa inaweza kuwakwaza waumini. Lakini ni washarika wangapi wamekaa nyuma kanisani wakidhani imani yao imekufa, kwa sababu tu wimbo wa ufufuo ulipoimbwa machozi hayakukatika?

Tungependa kuishia hapo, na Luther akiwa amejifunza. Lakini historia haikuishia hapo, na jambo linalofuata ndilo linalotugusa sisi zaidi.

Muda mfupi kabla ya Krismasi ya mwaka huo huo, mke wa Jonas, aliyeitwa Katharina kama mke wa Luther, alifariki katika uzazi. Rafiki aliyeandikiwa barua ile ya Septemba sasa ndiye mfiwa. Wiki ya Krismasi Luther akamwandikia. Anaanza kwa kusema hajui la kuandika, maana msiba huu wa ghafula umemwangusha. Anamtaja marehemu jinsi alivyokuwa mpenzi wao wote. Anasema jinsi Katharina wake alivyopatwa, kwa kuwa wanawake hao wawili walikuwa kama nafsi moja. Mzee wa miaka 59, aliyejaza rafu kwa vitabu, anafika kwa rafiki yake mikono mitupu na anasema hivyo waziwazi. Kwetu hii ni barua kubwa kuliko kitabu cha zile faraja 14.

Na wiki hiyo hiyo aliandika barua nyingine mbili, kwenda Torgau. Hans alikuwa amerudi shuleni baada ya mazishi, na hakuwa sawa. Alikuwa analia, anataka nyumbani. Kabla hajaondoka mama yake alikuwa amemwambia kwamba mambo yakiwa mabaya arudi. Luther anamwandikia mwalimu Crodel kwamba kijana amelainishwa na maneno ya mama yake pamoja na kifo cha dada yake, na amzuie asiwe na roho hiyo ya kike. Anamwandikia na Hans mwenyewe: ayashinde machozi kiume, asimwongezee mama yake uchungu. Mama alikusudia ugonjwa mzito aliposema arudi. Abaki, asome, amalize huzuni.

Kwa Kiswahili tunaijua barua hiyo vizuri. Inaitwa "jikaze, wewe ni mwanaume". Wapo wanaosoma hapa walioambiwa hivyo na mjomba wakiwa na miaka 10, kaburi la baba likiwa bado halijafukiwa, na wakaongezewa kwamba sasa wao ndio baba wa nyumba.

Barua hizo zote aliandika mtu mmoja, katika wiki moja, juu ya msiba wa mwaka mmoja. Ni yeye aliyepiga magoti akilia mbele ya kitanda, pengine Hans akiwepo nyumbani humo humo. Ni yeye aliyejiita mwenye moyo wa mwanamke mwaka 1528 na hakuona aibu kumwandikia mwenzake. Kwa rafiki mwenye cheo alikosa maneno, na kwa kijana wa miaka 16 maneno yalikuja haraka, tayari, yale aliyolelewa nayo. Tumejiuliza sana kwa nini. Tunadhani ni woga. Mtoto mmoja amekufa, wa pili anadhoofika mbali na nyumbani, mke analia usiku na mchana, na baba anataka angalau kitu kimoja kisimame wima. Maneno ya mazoea huja upesi zaidi pale sisi wenyewe tunapoogopa. Huwa tunayasema kwa sababu machozi ya mwenzetu yanatutikisa na tunataka yakome.

Tukiirudia siku ile kijijini, tunaona kwamba ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa vijana wawili wenye hofu ya kukosa cha kusema mbele ya akina mama wazima. Tulichosema, kwamba Mungu amempenda zaidi, tulikisema ili tusimame. Na kilikuwa na kasoro hata kwa fundisho letu wenyewe. Kilimfanya Mungu kuwa mshindani wa mama, aliyeshinda kwa kupenda zaidi na kwa hiyo akachukua. Maandiko hayasemi hivyo popote. Yanasema kifo ni adui, na Bwana wetu mwenyewe, akijua kwamba dakika chache baadaye angemwita Lazaro, alilia.

Kuna jambo katika sura ya mwisho ya Ayubu ambalo wahubiri, sisi tukiwemo, hulipita mbio kwenda kwenye kondoo na ngamia alioongezewa. Kwanza, katika 42:8, rafiki zake watatu wanaambiwa waende kwa Ayubu awaombee. Mfiwa ndiye anayewaombea wafariji. Kisha katika 42:11 wanakuja ndugu zake wote, wa kiume na wa kike, na wote waliomjua zamani. Hotuba za Elifazi na wenzake zimeandikwa sura kwa sura. Ya hawa haikuandikwa hata moja. Imeandikwa kwamba walikula chakula pamoja naye nyumbani mwake, wakamlilia na kumfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Anayetunza daftari la rambirambi katika mtaa wake anaijua aya hiyo bila kufafanuliwa. Akina mama wanaoinjika masufuria nyuma ya nyumba tangu alfajiri wanaijua. Babu zetu waliopokea Injili hawakuwa na shida na aya hiyo. Walikuwa tayari wanaiishi. Sisi tuliokwenda chuo ndio tuliojifunza kufikiri kwamba faraja ni ile inayotoka kwenye kipaza sauti chini ya turubai.

Hatusemi tunyamaze daima. Luther hakunyamaza kwa wazazi wa Johann Zink, na neno la ufufuo lazima lisemwe kaburini kwa sauti inayosikika hadi kwa waliosimama nyuma. Ndiyo kazi tuliyowekewa mikono. Lakini liturujia inalisema kwa ajili ya kanisa zima, kwa wanaoweza kuliamini siku hiyo na kwa wasioweza, na halimkamati mfiwa mashavuni kumlazimisha aitikie. Neno tunalomnong'oneza mtu mmoja kwenye mkeka ni jambo jingine. Huko tumejifunza kuuliza zaidi ya kusema. Alikuwa anapenda nini? Alikuitaje? Mara nyingi tunapouliza hivyo kuna jamaa anayetukonyeza tuache, kwamba tunamliza. Alikuwa analia kabla hatujafika.

Tulirudi katika kijiji kile kabla ya mazoezi yetu kwisha, karibu miezi miwili baada ya mazishi. Wageni walikuwa wametawanyika, turubai limekwenda msiba mwingine. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Safari hii tulimwomba msamaha kwa yale tuliyosema. Akasema, "Mlikuwa watoto," ingawa hakutuzidi kwa miaka mingi. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari la mazoezi lenye jalada la bluu, la darasa la kwanza, akalifungua katikati. Kulikuwa na hesabu za kujumlisha, na alama za vema za mwalimu kwa kalamu nyekundu. Moja tu alikuwa amekosea, saba kujumlisha sita. Akatuonyesha hiyo aliyokosea, akacheka, na akaanza kutusimulia jinsi alivyobishana naye jioni nzima kwamba jibu lake ndilo sahihi.

Tukakaa hadi mboga zikaiva.